Namba tasa ndogo: zijue feki, usikariri listi nzima

Watu wengi wakisikia namba tasa wanakimbilia kukariri. 2, 3, 5, 7, 11, 13... wakifika 40 hivi pumzi inakata, alafu ukimuuliza mtu hivi 91 ni tasa au sio, anakuangalia tu. Mimi kiukweli naona kukariri listi yote ni kujitesa bure. Rahisi zaidi ni kuzijua feki, yaani zile namba ambazo kwa macho zimefanana kabisa na tasa ila sio, sababu feki ni chache kuliko tasa zenyewe. Chini ya 100 tasa ziko 25, ila ukishajua kufanya vitu viwili vidogo tu kichwani, feki unazobaki kuzikariri ni tatu. Tatu basi.

Tuelewane kwanza. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo hakuna kinachoigawanya bila kubakiza isipokuwa 1 na yenyewe. 7 ni tasa. 12 sio, maana ni 3 mara 4, ni 2 mara 6 pia. Hamna cha ziada hapo.

Swali ambalo halikosekani ni la 1, mbona 1 inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe? Ndio, lakini 1 sio tasa na sababu sio kwamba walimu wamejiamulia. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 unaweza kuivunja mpaka ikabaki tasa tupu, na kuna jibu moja tu la kuivunja, 60 ni 2×2×3×5 hata uanzie wapi, labda ubadilishe tu nani akae mbele. Sasa ukiikaribisha 1 humo ndani 60 inakuwa 1×2×2×3×5, inakuwa pia 1×1×2×2×3×5, mwisho wa siku kila namba ina majibu yasiyoisha na ule utamu wote umeharibika. Kwa hiyo 1 ikawekwa pembeni. Ila anayeiita tasa usimcheke sana, zamani hata vigogo walikuwa wanaihesabu, Goldbach kwenye barua yake kwa mwanahisabati mwenzake Euler mwaka 1742 aliichukulia 1 kuwa tasa, na huko Marekani D. N. Lehmer alipochapisha listi yake kubwa ya namba tasa mwaka 1914, listi inayofika mpaka namba milioni 10 na kidogo, aliianza na 1. Siku hizi hapana. Ukiihesabu, kila jibu lako litazidi kwa moja.

Na 2 ni tasa, tena ndio shufwa pekee iliyomo. Shufwa nyingine zote zimeshagawanyika kwa 2 kabla hujamaliza kuzitamka.

Sasa kazi. Chukua namba yoyote chini ya 100 na uifanyie hivi.

Angalia tarakimu ya mwisho. Ikiwa 0, 2, 4, 6 au 8 itupe, ikiwa 5 itupe pia (tunaachia 2 na 5 zenyewe tu). Ina maana kuanzia 7 kwenda juu tasa lazima iishie na 1, 3, 7 au 9. Kosa linalofanyika hapa ni kugeuza hiyo sentensi, mtu anaona namba imeishia na 7 anasema basi hiyo ni tasa. Hapana, kuishia na 7 ni ruhusa ya kuendelea na mtihani, sio kufaulu.

Alafu jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3, itupe. 51 ni 5+1=6, nje. 57 ni 12, nje. 87 ni 15, nje. 93 ni 12, nje. Hizi nne zinaumbua watu wengi sana, hasa 57, kuna kisa kinasimuliwa mno kwamba Alexander Grothendieck, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, aliombwa atoe mfano wa namba tasa yoyote yeye akasema 57, na 57 ni 3×19. Mpaka leo kuna wanaoitania kwa jina lake.

Ukishafanya hayo mawili, chini ya 100 feki zilizobaki ni hizi: 49, 77 na 91. Hakuna nyingine. 49 ni 7×7 na 77 ni 7×11, hizo zinajionyesha zenyewe, tatizo kubwa ni 91 ambayo ni 7×13 na ina sura ya tasa kuliko hata baadhi ya tasa. Ukiiweka 91 kichwani umemaliza 100 ya kwanza. Jaribu: 83? Inaishia na 3, jumla 11 haigawanyiki kwa 3, sio 49 wala 77 wala 91, basi ni tasa. 69? Jumla 15, feki. 79? Jumla 16, haimo kwenye zile tatu, tasa. Sekunde mbili.

Mtu atauliza mbona tumeishia 7, kwanini hatujajaribu 11, 13 na kuendelea. Hapa ndo penye siri yenyewe na ukipaelewa huhitaji kuuliza tena utaishia wapi. Namba ikiwa feki lazima iwe zao la namba mbili, tuseme a mara b. Haiwezekani zote mbili zikawa kubwa kuliko kipeuo cha pili cha hiyo namba maana ukizizidisha zitaipita. Chini ya 100 kipeuo ni chini ya 10, kwa hiyo feki yoyote lazima iwe na mgawanyo mmoja mdogo kuliko 10, na tasa zilizo chini ya 10 ni 2, 3, 5, 7 peke yake. 77 ina 11 ndani ndio, ila 7 imeshaikamata mapema. Na kwa kweli hizo nne zinakufikisha mpaka 120, sababu namba ya kwanza inayozikwepa zote bila kuwa tasa ni 11×11 yaani 121.

Kwa hiyo kuna mipaka ya kukumbuka. Chini ya 121 jaribu mpaka 7. Chini ya 169 ongeza 11. Chini ya 289 ongeza 13. Chini ya 361 ongeza 17, chini ya 529 ongeza 19, chini ya 841 ongeza 23, chini ya 961 ongeza 29, na kutoka hapo mpaka 1,000 na zaidi ongeza 31. Maana yake namba yoyote ya tarakimu tatu, hata iwe 997, unaipima kwa tasa 11 tu. Sio mia tisa, kumi na moja. Nimeshaona watu wanaigawanya 211 kwa kila namba mpaka 105 na kalkuleta mkononi, huruma.

Kutoka 101 mpaka 200 mchezo ni ule ule. Tarakimu ya mwisho, jumla ya tarakimu, alafu feki za kukariri ni saba: 119, 121, 133, 143, 161, 169 na 187. Yaani 7×17, 11×11, 7×19, 11×13, 7×23, 13×13 na 11×17. Nyingine yoyote humo katikati iliyopita ile mitihani miwili ni tasa, huna haja ya kuhangaika. 173? Jumla 11, haimo kwenye saba, tasa. 153? Jumla 9, nje. Ukiunganisha na zile tatu za mwanzo unakuwa na feki 10 kichwani na umemiliki namba zote mpaka 200, zenye tasa 46. Linganisha kukariri 10 na kukariri 46, chagua mwenyewe.

Juu ya 200 feki zinaanza kuwa nyingi (203, 209, 217, 221, 247, 253, 259, 287, 289, 299 ni za mia hiyo moja tu), hapo sasa kukariri kunachosha na inabidi ujue kupima. Kwenye vitabu kila tasa ina kanuni yake, ya 7 unachukua tarakimu ya mwisho unaizidisha mara 2 unaitoa kwenye zilizobaki, ya 11 unajumlisha na kutoa tarakimu kwa kupokezana, ya 13 unazidisha ya mwisho mara 4 unajumlisha. Zote ni sahihi na zote zinasahaulika. Mimi napenda triki moja inayofanya kazi kwa tasa zote isipokuwa 2 na 5: ongeza au toa kigawe cha ile tasa unayoipima (yaani hiyo tasa mara namba nzima yoyote) mpaka namba iishie na 0, ile 0 itupe, angalia kilichobaki.

Tuone kwa 161, tunapima 7. Inaishia na 1, nitoe kigawe cha 7 kinachoishia na 1, hicho ni 21. 161 toa 21 ni 140. Tupa 0, inabaki 14. 14 inagawanyika kwa 7, basi 161 nayo inagawanyika. Tuone 187 kwa 11: ongeza 33 inakuwa 220, tupa 0, 22, imenasa. 221 kwa 13: toa 91 inabaki 130, tupa 0, 13, imenasa. 323 kwa 17: ongeza 17 yenyewe inakuwa 340, inabaki 34, imenasa. Kwanini inafanya kazi? Kuongeza au kutoa kigawe cha 17 hakubadilishi chochote kuhusu kugawanyika kwa 17, na kutupa 0 ni kugawanya kwa 10, na 10 imeundwa na 2 na 5 tu ambazo hazina uhusiano wowote na 17. Ndo maana kwa 2 na 5 zenyewe triki haifai, ila hizo nani anahitaji triki, unaangalia mwisho tu.

Ngoja tufanye mbili kwa ukamilifu, 391 na 397, zinafanana kama mapacha na moja ni feki. Zote ziko chini ya 400 na 20×20 ni 400, kwa hiyo tunapima mpaka 19 tu.

397 kwanza. Inaishia na 7, sawa. Jumla 3+9+7=19, haigawanyiki kwa 3. Kwa 7: toa 7 inabaki 390, tupa 0, 39, jirani zake ni 35 na 42, hapana. Kwa 11: ongeza 33 inakuwa 430, 43, hapana. Kwa 13: ongeza 13 inakuwa 410, 41, hapana (39 imepita kwa mbili). Kwa 17: toa 17 inabaki 380, 38, hapana, ni 34 au 51. Kwa 19: toa 57 inabaki 340, 34, hapana, ni 19 au 38. Zimeisha. 397 ni tasa na huhitaji kumuuliza mtu.

391 sasa. Jumla ni 13, 3 imetoka. Kwa 7: toa 21, 370, 37, hapana. Kwa 11: toa 11, 380, 38, hapana. Kwa 13: toa 91, 300, 30, hapana. Hapa ndipo wengi wanachoka wanasema aah ni tasa hii. Kwa 17: toa 51, 340, 34, imenasa! 340 ni 17 mara 20, na zile 51 tulizotoa ni 17 mara 3, jumla mara 23, kwa hiyo 391 ni 17×23. Na kuna waliokwisha iona bila kupima chochote, maana 391 ni 400 toa 9, yaani 20×20 toa 3×3, na kitu cha namna hiyo siku zote ni (20 toa 3) mara (20 jumlisha 3). Ndo 17 na 23 zile zile. Kwa hiyo namba ikikaa jirani na mraba mkamilifu, angalia kama tofauti yao nayo ni mraba: 899 ni 900 toa 1, basi ni 29×31. 221 ni 225 toa 4, 13×17. 143 ni 144 toa 1, 11×13. Feki nyingi zenye sura nzuri zinadakwa hivyo, na kwa bahati ndo zile ambazo kupima kwa kawaida kungechukua muda mrefu zaidi, sababu migawanyo yake imejificha karibu na kipeuo.

Hiyo yote ni kwa namba moja moja. Ukitaka zote mpaka kiwango fulani, usipime moja moja, chekecha. Chekeche hili lina miaka zaidi ya 2,200, linaitwa chekeche la Eratosthenes, jamaa aliyezaliwa Cyrene, leo ni Libya, akaja kusimamia maktaba ya Alexandria huko Misri, na ndiye huyo huyo anayekumbukwa kwa kukadiria mzingo wa dunia. Andika namba 1 mpaka 100, futa 1. Acha 2, futa vigawe vyake vyote vingine. Acha 3, futa vigawe vyake. Inayofuata ambayo haijafutwa ni 5, fanya hivyo hivyo, alafu 7, alafu simama. Zilizosalimika ndo tasa.

Wengi wanapanga safu 10 kwa 10 kwa mazoea. Mimi ningesema panga safu wima sita. Mstari wa kwanza 1 mpaka 6, wa pili 7 mpaka 12, unaendelea hivyo mpaka 100. Raha yake ni kwamba vigawe vya 2 vinakaa kwenye safu ya pili, ya nne na ya sita, unapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini (2 yenyewe usiiguse) na vigawe vya 3 ambavyo havijafutwa vyote viko safu ya tatu, mstari mwingine (3 usiiguse). Tayari safu nne zimekufa na zimebaki mbili, ya kwanza na ya tano. Vigawe vya 5 vinashuka kwa mshazari kuelekea kushoto, vya 7 kwa mshazari kuelekea kulia. Karatasi nzima inaisha haraka na huhitaji kugawanya kitu chochote.

Na unapofuta, anzia kwenye mraba wa hiyo tasa. Kwa 3 anzia 9, kwa 5 anzia 25, kwa 7 anzia 49, sababu vyote vilivyo chini ya hapo vilishafutwa na tasa ndogo zaidi. Hesabu mpya unazofuta kila hatua uone inavyopungua: 2 inafuta 49, 3 inafuta 16 mpya, 5 inafuta 6 tu ambazo ni 25, 35, 55, 65, 85 na 95, na 7 inafuta 3, zile zile 49, 77, 91. Sasa 100, toa ile 1, toa 49, toa 16, toa 6, toa 3, unabaki na 25. Hesabu imefunga, na umejua idadi ya tasa bila kuzihesabu kwa kidole. Ukipata namba tofauti na 25, umeruka kitu au umesahau kufuta 1.

Anayeandika programu anaweza kufanya hivyo hivyo, orodha ya ndiyo na hapana kuanzia 0 mpaka kikomo, unaanza zote ndiyo isipokuwa 0 na 1, kila tasa unayoikuta ambayo mraba wake haujapita kikomo unaanzia kwenye mraba wake unageuza vigawe kuwa hapana, mwisho unahesabu ndiyo. Kompyuta ya kawaida inamaliza milioni moja kabla hujashika kikombe. Cha kuangalia ni ile alama ya kulinganisha kwenye kikomo, ukiandika "chini ya" badala ya "chini ya au sawa na" basi 49 au 121 inapenya kama tasa, na hitilafu ya namna hii haionekani mpaka kikomo chako kiwe mraba wa tasa.

Kwenye kuhesabu kuna njia ninayoipenda zaidi, inatoka kwenye zile safu sita. Tasa zote zaidi ya 2 na 3 ziko jirani na kigawe cha 6, moja nyuma au moja mbele: 5 na 7, 11 na 13, 17 na 19, 23 na 25, 29 na 31... Mpaka 97 jozi ziko 16 sababu 6×16 ni 96, kwa hiyo namba 32. Kati ya hizo feki ni 25, 35, 49, 55, 65, 77, 85, 91 na 95, tisa. 32 toa 9 ni 23, ongeza 2 na 3 zenyewe, 25. Tena bila kuandika listi. Ila usije ukageuza, kukaa jirani na kigawe cha 6 hakukupi utasa, 25 ndo mfano wa kwanza.

Unaweza pia kuhakiki kwa makumi. Kutoka 1 mpaka 10 ziko 4, 11 mpaka 20 ziko 4, kisha 2, 2, 3, 2, 2, 3, 2, 1. Ikariri ukiivunja hivi: 44 22 3 22 3 21. Jumla 25. Mtu akikupa listi yake na kwenye sitini unaona tatu, unajua kaingiza feki, pengine 63 au 69. Hiyo 1 ya mwisho ni 97 iko peke yake pale kwenye tisini kwa sababu 91 imefeli, 93 na 99 ni za 3. Na baada ya kumi la kwanza, kumi lolote haliwezi kuzidi tasa nne maana miisho inayoruhusiwa ni 1, 3, 7, 9 tu, na zinapotokea zote nne ni tukio: 11, 13, 17, 19, kisha 101, 103, 107, 109, kisha 191, 193, 197, 199.

Kwa wanaopenda hesabu ngumu kidogo kuna njia ya kuhesabu bila kuandika hata namba moja, inatokana na Legendre, Mfaransa. Unachukua 100, unatoa vigawe vya 2 (50), vya 3 (33), vya 5 (20), vya 7 (14). Umetoa kupita kiasi maana 6 kwa mfano umeitoa mara mbili, kwa hiyo unarudisha vigawe vya jozi: vya 6 ni 16, vya 10 ni 10, vya 14 ni 7, vya 15 ni 6, vya 21 ni 4, vya 35 ni 2, jumla 45. Sasa umerudisha kupita kiasi, unatoa vya tatu tatu: vya 30 ni 3, vya 42 ni 2, vya 70 ni 1, vya 105 hakuna, jumla 6. 100 toa 117 jumlisha 45 toa 6 inabaki 22. Humo kuna 1 ambayo sio tasa, itoe, na 2, 3, 5, 7 tulizifuta pamoja na vigawe vyao, zirudishe. 22 toa 1 ongeza 4, 25. Kwa 100 ni mbwembwe tu, chekeche ni haraka zaidi, lakini kwa namba kubwa ndo njia yenyewe, Mjerumani Meissel akaiboresha na mwaka 1870 akapata idadi sahihi ya tasa mpaka milioni 100, ziko 5,761,455, kwa mkono! Alipokwenda mpaka bilioni moja mwaka 1885 alipungukiwa 56 tu kwenye jibu la zaidi ya milioni 50.

Ukipanda juu tasa zinapungua ila hazipungui kwa nidhamu. Kwa kila mia mpaka 1,000 zinakwenda hivi: 25, 21, 16, 16, 17, 14, 16, 14, 15, 14. Jumla 168. Unaona mia ya tano imepanda, ya saba imepanda, kwa hiyo ukipata mia fulani imezidi iliyotangulia usidhani umekosea. Kuna mahali pia utapiga namba nyingi bila kukuta kitu, baada ya 113 hakuna tasa mpaka 127, namba 13 mfululizo zote feki, na chini ya 1,000 pengo refu kuliko yote ni kati ya 887 na 907. Hayo mapengo ndo yanawafanya watu waanze kulazimisha, wanaona haiwezekani, lazima 119 au 121 iwe tasa. Inawezekana.

Mpaka 10,000 ziko 1,229, mpaka 100,000 ziko 9,592, mpaka milioni moja ziko 78,498. Makadirio ya haraka unagawanya namba kwa logi asilia yake (ile ln ya kwenye kalkuleta), kwa 1,000 unapata kama 145 wakati ukweli ni 168, kwa milioni kama 72,400, kwa hiyo huku chini inakadiria pungufu na inasogea karibu taratibu sana. Mwanahisabati Gauss aliiona tabia hii akiwa bado kijana mdogo, kwa kuhesabu tu kutoka kwenye majedwali, elfu kwa elfu, ila kuthibitishwa ikaja kuthibitishwa 1896 na wanahisabati wawili, Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mtu kivyake. Kwa namba ndogo usitumie makadirio, hesabu.

Jipime na hizi nane, nne tasa na nne feki, bila kalkuleta: 187, 211, 247, 283, 299, 307, 323, 337. Kumbuka mipaka, nyingi hapo hazihitaji kupita 13, ni tatu za mwisho tu zinazohitaji 17.

Majibu: 187 ni 11×17, 247 ni 13×19, 299 ni 13×23, 323 ni 17×19. Tasa ni 211, 283, 307 na 337. Ukikwama kwenye 307, kwa 17 unatoa 17 inabaki 290, tupa 0, 29, hapana. 17×18 ni 306, imekosa kwa moja.